Naomba ushauri: msaada wa mtaa usimwondolee mzazi wajibu wa matunzo

Ndugu zangu, nawasalimu. Kamati yetu ya ulinzi wa wanawake na watoto ya mtaa ina mfuko mdogo kwa ajili ya watoto waliotelekezwa, na tumekwama hapa: tukipeleka unga, maharage na sare, baba aliyekuwa akileta kidogo huacha kabisa. Tukisimamisha, mtoto analala njaa, na hilo hatulikubali.

Utaratibu wetu: mjumbe anathibitisha hali nyumbani, mwenyekiti anaandika barua, afisa ustawi wa jamii anawaita wazazi wote wawili, makubaliano yanaandikwa. Kasoro kubwa iko kwenye maandishi hayo. "Atatoa kadiri ya uwezo wake" haidaiki popote. Lazima kitajwe kiasi, siku ya kulipa, nani anabeba matibabu, na malipo yapite kwenye simu ili kumbukumbu ibaki. Akikaidi, Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kuomba amri ya matunzo Mahakama ya Watoto, ila akina mama wengi hukwamishwa na nauli, au woga wa kutengwa na ukoo wa mume. Penye ukatili hatusuluhishi: ni Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au kupiga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto.

Sasa naomba wenye uzoefu: baba wa bodaboda au kibarua, asiye na mshahara wa kukatwa, mnampangiaje kiasi cha kila wiki? Na chakula mnakipitisha shuleni au kwa jirani, ili mtoto asinyooshewe kidole na wenzake?