Nyie mnaowauzia mama zetu vipete vya miiba hapa Mbeya na kuwaachisha dawa za presha, mna utu kweli?

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa nimechafukwa, kwa hiyo nikiteleza mahali mnivumilie.

Kuna kikundi kinazunguka huku kwetu, Mwanjelwa, Kabwe mpaka Uyole. Wanakodi kaukumbi, wanawaita akina mama kwenye "semina ya afya bure", soda na andazi juu. Wanatoka pale kila mmoja kashika kifurushi: kipete cha springi unachokipandisha na kukishusha kidoleni, kampira ka plastiki kenye miiba, na karatasi ya laminesheni yenye picha ya kiganja kilichopakwa rangi rangi, hapa figo, hapa ini, hapa kongosho, eti ukibonyeza pale unatibu kiungo hicho. Sh 45,000. Shangazi yangu anauza viazi sokoni. Hesabu wenyewe hiyo ni ndoo ngapi.

Kabla hamjanirukia kwamba napinga tiba mbadala: mimi mwenyewe nabonyeza mikono, tena miaka. Baridi ya huku ya Juni na Julai mnaijua, vidole vinakakamaa asubuhi mpaka kufunga kifungo cha shati ni kazi. Kichwa kikiuma kwa uchovu nabana ile nyama kati ya kidole gumba na cha shahada, pale inapofura ukivibananisha. Wachina wanapaita Hegu. Unakandamiza mpaka usikie kaumivu kazito ka kuvumilika, unazungusha gumba taratibu kama dakika moja, unapumua, unahamia mkono wa pili. Kichefuchefu cha safari (waliopanda basi kushuka Kitonga wananielewa) kina sehemu yake, Neiguan: upande wa ndani wa mkono, vidole vitatu kutoka mstari wa kifundo, katikati ya zile kano mbili. Hiyo ya kichefuchefu hata madaktari wameifanyia utafiti kwa wagonjwa waliotoka kupasuliwa, na ilionekana kupunguza. Ya kichwa wengine inawatuliza, wengine wapi, na haimalizi chanzo cha maumivu. Lakini vyote hivyo vinataka gumba lako tu. Gumba! Unauziwaje kitu ulichozaliwa nacho?

Hela ningesamehe. Kilichonipandisha ni kingine.

Shangazi ana presha, anameza vidonge kila siku. Jamaa mmoja wa kikundi hicho, kavaa koti jeupe, akamwambia vidonge "vinaziba njia za nguvu", aviache kwanza mwili usafishike, abonyeze kitako cha kiganja asubuhi na jioni. Nimekuja kugundua naenda kumtembelea, nafungua kabati natafuta majani ya chai, nakuta karatasi za vidonge zimesukumwa nyuma ya kopo la sukari, hazijaguswa. Nikamuuliza, "Shangazi, hizi vipi?" Ananijibu kwa furaha kabisa, "Mwanangu, mie nimeshapona, daktari kaniachisha." Tukapanda bajaji mpaka zahanati. 190 kwa 110. Nesi anamuuliza kichwa kinauma? Hapana. Kizunguzungu? Hapana. Presha ndivyo ilivyo, inapanda mtu yuko zake anapanga viazi kwenye sado, siku inapojitangaza ni kiharusi. Hakuna sehemu kwenye kiganja inayochukua nafasi ya kile kidonge, wala ya insulini. Hakuna.

Nikamfuata huyo "daktari". Namuomba cheti cha usajili ananijibu eti wao si hospitali, wanatoa elimu tu. Elimu gani ya kumwachisha mtu dawa? Nchi hii ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu 2002, kuna Baraza lake chini ya Wizara ya Afya, na mtoa huduma anatakiwa asajiliwe. Nilipotaja hilo akaanza kukusanya vipete vyake.

Halafu nikiwa nimesimama palepale, msaidizi wake kamshika mkono binti mwenye tumbo la miezi kadhaa, anamkandamiza Hegu kwa kijiti cha mbao. Hajamuuliza chochote! Hao Wachina wenye fani yao wanaikwepa sehemu hiyo kwa mjamzito, kwa kuhofia kuamsha uchungu. Nimemwambia binti autoe mkono wake, nikaambiwa naharibu biashara za watu.

Na nyie mtakaokuja hapa kuandika "imani yako ndiyo inaponya", nawaomba mpite kimya. Mtu kapooza upande mmoja ghafla, au kifua kinambana, bado mnamtafutia pa kubonyeza?

Shangazi karudi kwenye vidonge, ila kipete hataki kukiachia, anasema kinampasha vidole joto. Sawa, avae.

Wadau wa Mbeya, nani anajua malalamiko ya hivi yanapelekwa wapi yakafanyiwa kazi: ofisi ya mganga mkuu wa jiji, au kuna mratibu wa tiba asili pale? Nina risiti yao, haina hata jina la biashara. Jibuni haraka, nasikia wiki ijayo wanahamia Tukuyu.