William Porterfield wa Ayalandi, nahodha mkubwa au alibahatika tu na kizazi kizuri?

mwalimu_wa_bati
Wadau wa kriketi nisaidieni hapa. Kila jumamosi nafundisha watoto kriketi hapa Nairobi, bati tunazo tatu na moja imefungwa seloteipu mpaka pale pa kushikia. Juzi mtoto mmoja ameniuliza nahodha gani alichukua timu ndogo akaifikisha kwa wakubwa, nikamtaja Porterfield bila kufikiria mara mbili, kwa sababu nilimwona kwa macho yangu 2007 hapa hapa Nairobi, kijana wa miaka 22, akatupiga mikimbio 104 na hatukumtoa, na hiyo mechi Kenya tukaishinda kwa wiketi moja tu, yaani tulibaki na mpigaji mmoja tu wa kutolewa. Sa nimerudi nyumbani nikaona alikuwa nahodha kwenye mechi tatu za Test, zile ndefu za siku kadhaa za ngazi ya juu kabisa, na zote tatu walipoteza. Je nimemdanganya mtoto?

Shabiki wa Ruaraka
Hujamdanganya hata kidogo. Angalia alikoanzia, Donemana, kijiji cha Tyrone huko Ayalandi Kaskazini. Unahodha kapewa 2008 baada ya Trent Johnston, kaushika mpaka 2019, zaidi ya mechi 250. Na Bangalore 2011 usisahau, Kombe la Dunia, Uingereza wameweka mikimbio 327, Porterfield anaenda kupiga wa kwanza, mpira wa kwanza kabisa Anderson wa Uingereza anamtoa! Nahodha amerudi na sifuri, baadaye timu ikawa na mikimbio 111 wapigaji watano wameshatoka, Kevin O'Brien ndio kwanza ameingia, akapiga mia kwa mipira 50, haikuwahi kutokea haraka hivyo kwenye Kombe la Dunia mpaka siku hiyo, wakashinda kwa wiketi tatu. 2015 tena wakawafunga West Indies na Zimbabwe.

babu_kriketi
Kijana hapo umejijibu mwenyewe, shujaa wa Bangalore ni O'Brien, nahodha alitoka na sifuri. Na Ayalandi waliwafunga Pakistan kwenye Kombe la Dunia 2007 Johnston akiwa nahodha, na kocha Phil Simmons aliyeingia baada ya Kombe hilo akakaa mpaka 2015. Porterfield alikuta nyumba ina paa tayari.

mama_wiketi
Shikamoo babu, lakini hapo sikubaliani na wewe. Nyumba gani ina paa na kila mtu anahama? Ed Joyce alienda Uingereza, Eoin Morgan akaenda, Boyd Rankin naye akaenda, kwa sababu kwao hakukuwa na mechi za Test na mchezaji anataka kucheza Test. Huyo Morgan mtoto wa Dublin ndio aliyebeba Kombe la Dunia 2019 kama nahodha wa Uingereza! Porterfield naye alicheza klabu za Uingereza, alikuwa Warwickshire walipochukua ubingwa 2012, lakini jezi ya kwao hakuibadilisha. Akakaa mpaka 2017 ICC, shirika la kriketi la dunia, wakawapa Ayalandi na Afghanistan hadhi ya Test. Sisi Kenya tulicheza nusu fainali 2003, 2014 hata hadhi ya mechi za siku moja tukapoteza. Mimi roho inaniuma kila nikiwaza hivi, tulikuwa mbele yao jamani.

Na hizo Test tatu mwalimu usiseme tu walipoteza. Malahide 2018 na Pakistan, siku ya kwanza yote imeliwa na mvua, Ayalandi wote wakatoka kwa 130, wakarudishwa kupiga tena papo hapo, wakafika 339 mpaka Pakistan wakaanza kutetemeka. Lord's, uwanja maarufu wa London, 2019 waliwatoa Uingereza wote kwa 85, Murtagh wa Ayalandi kawatoa watano peke yake. Ni kweli mwishoni Ayalandi nao walitoka wote kwa 38, inauma, ila Uingereza kutoka 85 kabla ya chakula cha mchana pale pale Lord's, nani aliota hiyo?

babu_kriketi
Marahaba mwanangu. La kutohama nimelikubali. Hilo Johnston hakulipitia kwa miaka 11.

mwalimu_wa_bati
Asanteni sana. Jumamosi namwambia yule mtoto habari ya Bangalore, naanzia pale nahodha alipotoka mpira wa kwanza, maana yeye mwenyewe wiki jana alitoka hivyo hivyo akalia mpaka gloves zikalowa.