Kipimo cha pumzi kwa waliovuta vumbi la asbesto: kitolewe sasa au kisubiri?

Mwanzisha mada: Wakuu, nauweka mji wa Casale Monferrato, kaskazini mwa Italia, kama mfano. Kiwanda cha Eternit kilitengeneza pale vigae na mabomba ya saruji yenye asbesto, madini ya nyuzi laini, kuanzia 1907 hadi 1986. Vumbi halikuishia kwa wafanyakazi. Mabaki ya kiwandani yalitandazwa kwenye njia, nyuani na darini, na watu ambao hawakuwahi kukanyaga kiwandani wakaugua. Mesotelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu, hujitokeza miaka 20 hadi 50 baada ya mtu kuvuta nyuzi. Ndiyo maana mji ule bado unazika watu, ingawa Italia ilipiga marufuku asbesto mwaka 1992. Wengi hugundulika kifua kimeshajaa maji.

Watafiti wa Bari, na wa Ghent na Antwerp kule Ubelgiji, wameonyesha kwamba mvuke ulio katika pumzi unaweza kumtenganisha mgonjwa na mzima. Hakuna sindano wala mionzi. Nasema waliovuta vumbi wapimwe kila mwaka, tena kuanzia sasa. Anayepinga alete sababu.

Mtakwimu: Sababu ni hesabu, mkuu. Chukua watu 10,000 waliovuta vumbi, na tuseme 10 kati yao wana saratani. Tukipe kipimo sifa nzuri: kinakamata wagonjwa 90 kwa 100, na kinawapa wazima 90 kwa 100 jibu safi. Kitakamata 9 na kumkosa 1. Lakini wazima ni 9,990, na 999 kati yao wataambiwa wana dalili ya hatari. Wenye majibu mabaya wote ni 1,008, wagonjwa wa kweli 9. Hao 999 utawafanyia nini? CT scan, yaani picha za eksirei za tabaka kwa tabaka, na baadhi yao watatobolewa kifua ili kuchukua kipande cha utando.

Isitoshe, utafiti wa Bari wa 2010 ulikuwa na wagonjwa 13, waliovuta vumbi 13 na wazima 13. Pumzi ina mamia ya kemikali. Kwa watu 39 na mamia ya vipimo, kompyuta haikosi kupata tofauti, iwe ya kweli au ya bahati. Modeli, yaani kanuni ambayo kompyuta imejifunza, ijaribiwe kwa watu wengine, wa hospitali nyingine, ndipo tuiamini.

Mwanzisha mada: Umewaruka waliosalimika. Watu 8,992 wanapata jibu safi, na ni mmoja tu kati yao aliyekoswa. Wabelgiji hawakusema kipimo kithibitishe saratani. Walisema kisaidie kuwaondoa wasio nayo, ili CT scan ibaki kwa wachache.

Mtakwimu: Kabla ya kupuliza, kila mmoja alikuwa na nafasi 999 kwa 1,000 ya kutokuwa na saratani. Baada ya jibu safi, ni karibu 9,999 kwa 10,000. Faida ipo. Ila ni akiba ya CT scan pale tu palipopangwa CT scan kwa wote.

Mkemia wa maabara: Tuanze na kinachopimwa. Nyuzi zikinasa mwilini, seli za kinga hushindwa kuzimeng'enya. Chuma kilichomo kwenye nyuzi huchochea molekuli kali za oksijeni zinazoharibu mafuta ya kuta za seli. Hapo huzaliwa hidrokaboni nyepesi na aldehidi, zikaingia kwenye damu na kutoka na pumzi, kwa viwango vya sehemu chache katika bilioni. Mwenye makovu ya asbesto bila saratani naye ana uharibifu huo. Kwa hiyo mgonjwa asilinganishwe na kijana mzima wa mtaani. Alinganishwe na aliyevuta vumbi lilelile akabaki bila saratani. Hapo ndipo asilimia za usahihi wa kipimo hushuka.

Kisha uchukuaji wenyewe. Mpimwa asile wala kuvuta sigara kwa saa kadhaa, na akae kwanza katika chumba cha kupimia mpaka mapafu yazoee hewa ya pale. Mililita 150 hivi za mwanzo za kila pumzi zimetoka kooni na kwenye njia za hewa, hazikugusana na damu; zitupwe. Sensa ya kaboni dayoksaidi ndiyo iamue vali ifunguke lini. Hewa ya chumba ichukuliwe wakati uleule. Spiriti ya kunawia mikono inatosha kuharibu sampuli. Mifuko ya plastiki ya Tedlar ya kuwekea pumzi yenyewe hutoa fenoli na huvuja, hivyo afadhali mrija wenye chembe za Tenax zinazonasa mvuke. Pua ya kielektroniki, yaani kifaa cha sensa kinachonusa mchanganyiko wa mvuke, ni nafuu, lakini unyevu wa pumzi huipotosha, usomaji wa sensa zake huhama polepole, na modeli ya mashine moja haisomeki kwa urahisi kwenye nyingine.

Kosa linaloniumiza zaidi: wagonjwa wanapimwa wodini, wazima wanapimwa ofisini. Mashine inajifunza harufu ya hospitali.

Daktari wa mapafu: Naongeza swali zito zaidi. Tukiikamata mapema, tunafanya nini? Jaribio la MARS 2 la Uingereza, lililochapishwa 2024, lililinganisha upasuaji mkubwa wa kuondoa utando pamoja na dawa dhidi ya dawa peke yake. Waliopasuliwa waliishi kwa wastani wa kati (muda ambao nusu yao waliuvuka) wa miezi 19.3, wasiopasuliwa 24.8. Tiba ya kinga ya nivolumab na ipilimumab ilifikisha miezi 18.1 dhidi ya 14.1 ya kemo, dawa za kawaida za kuua seli za saratani. Ni hatua, si uponyaji. Kumjulisha mtu miezi sita mapema akafa siku ileile ambayo angekufa bila kujulishwa si kumwongezea maisha.

Saratani ya pafu lenyewe ni habari nyingine. Asbesto na sigara huzidishana hatari, na CT scan ya mionzi midogo ilipunguza vifo vya saratani hiyo kwa asilimia 20 kwa wavutaji sigara katika jaribio la Marekani la 2011. Aliyevuta vumbi na sigara apelekwe huko leo, na asaidiwe kuacha sigara.

Mkaguzi wa usalama kazini: Kwetu Kenya na Tanzania paa za asbesto bado zipo. Fundi alowanishe bati kwa maji, alifungue zima bila kulivunja wala kulikata kwa msumeno, alifunge kwenye nailoni nzito. Na jina lake liandikwe. Bila daftari la waliovuta vumbi, hatutajua hata nani wa kumpima.

Mkemia wa maabara: Daftari hilo ndilo njia. Pumzi ichukuliwe kila mwaka, majibu yafungwe, na anapogundulika mgonjwa turudi kwenye sampuli zake za nyuma tuone kama zilishaonyesha kitu.

Mwanzisha mada: Kumficha mtu majibu yake siafiki. Angalau aliyeonyesha hatari mara mbili, kwa vipimo vilivyopishana miezi mitatu, apewe CT scan.

Mtakwimu: Kurudia kunafuta makosa ya bahati, kama spiriti ya chumbani siku ile. Hakufuti kosa linalotoka mwilini. Mwenye makovu ya asbesto atapuliza mvuke uleule baada ya miezi mitatu, na atahesabiwa mgonjwa mara ya pili.