Tupeane uzoefu: umewahi kumpeleka mtoto kutazama sanaa za kisasa? Ilikuwaje?

Baba Nasra, Dar:
Wakuu, kwema? Mimi ni mtu wa spea, na kule Mikocheni kwenye magodauni nimepita miaka na miaka kufuata mizigo. Kumbe Nafasi Art Space, kituo cha wasanii, ipo palepale, Barabara ya Eyasi, tangu 2008! Jumamosi iliyopita nikajitosa na binti yangu wa miaka saba. Kosa la kwanza: tulivaa kama tunakwenda harusini. Yeye gauni jeupe, mimi suti ya Kaunda. Kufika, studio zenyewe ni makontena ya meli na wasanii wamevaa ovaroli zilizojaa rangi.

Tukasimama mbele ya mnyama wa vyuma chakavu. Pleti za klachi nilizitambua, mnyororo wa pikipiki nikautambua, ila mnyama mwenyewe sikumjua. Nasra akauliza kwa sauti: "Baba, huyu hajaisha?" Nikatamani ardhi ipasuke. Msanii akacheka, akachuchumaa: "Wewe ungemwongeza nini?" "Mkia." Akampa waya na koleo. Dakika ishirini mtoto kimya, ulimi nje, anapinda waya. Mkia ukafungwa palepale, na mimi muda wote huo sijui pa kuweka mikono.

Nyumbani gauni lilishinda jiki. Mama yake hakunisemesha mpaka magharibi.

Haya, tiririkeni.

Mama Imani, Nairobi:
Wewe ulibahatika. Mimi tulienda mahali fulani mjini hapa, jina naliacha. Mwanangu ana miaka mitano, akagusa fremu kwa kidole kimoja tu. Askari akamfokea mpaka watu wakageuka. Kibao cha kukataza hakuna, kamba hakuna. Tangu siku hiyo akiona picha kubwa ukutani anaficha mikono nyuma, hata kwa daktari wa meno. Mtoto kama huyu unamrudishaje?

Bi Mkubwa wa Ng'ambo, London:
Pole mwaya. Miye nipo London, na wanangu wamekulia Tate Modern, jumba la sanaa za kisasa. Zamani palikuwa kituo cha kufulia umeme, kwa hiyo ule ukumbi wa chini ni mkubwa, mtoto hukimbia mpaka akachoka bila kuvunja kitu, na mkusanyiko wao kuutazama hulipi. Chukua chapati zako kwenye mkoba, maana mkahawani utalia.

Siku nisiyoisahau ni 2021, walipomwekea maonyesho mchoraji Lubaina Himid. Huyo kazaliwa Unguja 1954, akaletwa huku mchanga, na 2017 akatwaa Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya huku Uingereza. Yale yalikuwa ya tiketi. Nilikwenda na watoto pamoja na mama yangu, aliyekuja kututembelea. Mama ana sanduku zima la kanga lakini maonyesho ya picha hakuwahi kuingia maishani. Akaanza kunung'unika miguu. Nikamkalisha kwenye benchi, nikamfungulia kwenye simu zile kazi za Himid za mtindo wa kanga: pindo, mji, jina chini. Akavaa miwani, akasogeza simu mbali, akaileta karibu.

"Jina la Kizungu hili?"
"Ndiyo, mama."
"Basi anamsema mkwe wa Kizungu."

Miguu ikapona. Akavizunguka vyumba vyote tena, wajukuu nyuma, na kwenye basi kurudi nyumbani wote wakawa wanatunga majina ya kanga. Mengine hayaandikiki hapa.

Mtu Mzima, Tabora:
Naomba kutofautiana. Vyuma chakavu mtaani vinauzwa kwa kilo, huko mnaviita sanaa. Mtoto mpeleke akajifunze kuchomelea.

Baba Nasra:
Mkuu, yule msanii ndiye mchomeleaji mwenyewe, tena mzuri kuliko wangu wa gereji. Na Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968 alianza na rangi za baiskeli juu ya vibao vya dari. Angeambiwa akapige siling tu, leo watalii tungewauzia nini?

Dada wa Kigali:
Mama Imani, wangu aliogopa hivyohivyo. Hapa Kacyiru kuna Inema, kituo cha sanaa, waliianzisha 2012 ndugu wawili wachoraji, Emmanuel Nkuranga na Innocent Nkurunziza. Sikumpeleka kwenye picha kwanza, nilimpeleka kwenye ndoo ya rangi. Alipochafuka viganja ndipo akainua macho ukutani mwenyewe. Nguo kuukuu, saa moja basi, muondoke yeye bado anataka. Na ulizia kabla hujatoka nyumbani siku ya watoto ni ipi. Mimi niliwahi kuangukia uzinduzi, watu wazima na glasi zao, mtoto akashinda chini ya meza.

Mama Imani:
Ndoo ya rangi kwanza. Sawa, dada, nimeshika hiyo.

Baba Nasra:
Nasra kila jioni ananiuliza kama mkia bado upo. Jumamosi tunarudi. Safari hii nakwenda na ovaroli ya dukani.