Wauzaji wa rupia za Mjerumani mnaokataa mizani, mmetuchosha sisi tunaokusanya kwa kipato kidogo

Ndugu wanajukwaa, naanzisha uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Biashara ya sarafu za kale za fedha imeingiliwa na watu wasiojali kitu isipokuwa pesa ya haraka, na wanaoumia zaidi ni sisi ambao kila sarafu tunayonunua tunaimega kwenye mshahara ule ule unaolipa kodi ya nyumba na ada za watoto. Mwenye uwezo akiuziwa feki atakasirika, kisha atanunua nyingine wiki inayofuata, ilhali sisi wengine tukitapeliwa mara moja ndiyo basi, tunasubiri hadi hali itengemae.

Kilichonifikisha hapa ni kifurushi. Muuzaji mmoja, ambaye simtaji jina, alitangaza rupia, ile sarafu ya fedha ya koloni la Mjerumani Afrika Mashariki, ya mwaka 1911 yenye herufi J, yaani iliyopigwa kiwanda cha Hamburg. Picha zake zilipendeza: tai aliyesimama juu ya kofia ya Kaiser Wilhelm II alionekana hadi manyoya ya mabawa, maneno GUILELMUS II IMPERATOR yalisomeka yote, na sarafu nzima ilikuwa na ule ukijivu ambao fedha huupata yenyewe kwa kukaa miaka mingi. Tulikubaliana shilingi 90,000, nikamtumia kwa simu, naye akanitumia mzigo kwa basi. Nilichopokea ni sarafu nyingine kabisa. Tai amekuwa donge lisilo na kichwa, shavu la mfalme limejaa vipele vya kitu kilichomiminwa kwenye kalibu, na kwenye ukingo, mahali panapotakiwa kuwa na meno, kuna mstari unaoizunguka sarafu yote pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Niliiweka kwenye mizani ikasoma gramu 9.3. Nilipompigia alinijibu kwamba mzigo ukishafunguliwa ni wa aliyeufungua, na tangu siku hiyo simu yangu haipokelewi.

Gramu 9.3 haiwezi kuwa rupia. Rupia ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ina gramu 11.66, na fedha yake ni asilimia 91.7. Kipimo hicho hakikuokotwa hewani: Wajerumani waliikuta rupia ya India ndiyo inayotumika katika biashara ya pwani, wakaufuata uzito wake ili sarafu yao ipokelewe. Ni uzito wa tola moja, kipimo cha kale cha Kihindi, na sonara mzee wa Tanga au Zanzibar atakwambia hivyo bila kufungua kitabu chochote. Sarafu iliyopita mikononi mwa watu wengi hupungua kidogo, nakubali, lakini haiwezi kupoteza zaidi ya gramu mbili huku maandishi yake yakiwa bado yamesimama.

Ndiyo maana nauliza, kwa nini muuzaji akiombwa uzito anageuka mkali? Nimejibiwa kwamba mizani ni ya wauza nyanya, nimeambiwa kama sina pesa nisimsumbue mtu, na wapo walioniondoa kwenye makundi yao kwa sababu tu nimeomba picha ya ukingo. Mizani ndogo ya dijiti ya kupimia vito si kitu cha gharama, na kwa anayefanya biashara hii kila siku ni aibu kutokuwa nayo. Ukiwa na mizani hiyo, kikombe cha maji na uzi, unaweza kufika mbali zaidi ya uzito mtupu. Weka kikombe chenye maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mpaka izame yote bila kugusa kitako wala ubavu wa kikombe. Rupia halali itaongeza takribani gramu 1.13. Sarafu ya shaba nyeupe au ya njano, hata ikitengenezwa kwa ujanja mpaka ikafikia gramu 11.66 kamili, itaongeza zaidi ya hapo, kwa kuwa madini hayo ni mepesi kuliko fedha na hivyo huchukua nafasi kubwa zaidi majini. Kipimo hicho hakiikwaruzi sarafu wala hakiipunguzi thamani. Anayekikataa anajua anachokiuza.

Halafu kuna hili la sumaku, ambalo linaniudhi kuliko yote. Wauzaji kadhaa wamenipigia wakitaka mamilioni kwa madai kwamba rupia yao "inavuta sindano". Fedha haivuti sindano! Sarafu ikinasa kwenye sumaku, ndani yake mna chuma au nikeli, basi, na haifai hata kwa bei ya nauli. Uvumi huu unatudhuru mara mbili, maana matapeli wanautumia kuuza vyuma, na mzee wa kijijini mwenye rupia halali ya babu yake anakataa bei ya haki akisubiri tajiri wa mamilioni ambaye hatakuja, hadi siku anayopatwa na shida na kumpelekea sonara, ambaye anaiyeyusha ikawa bangili.

Shilingi ya Afrika Mashariki nayo haikusalimika. Hiyo ndiyo sarafu ya mkusanyaji wa kipato kidogo, yenye simba mbele ya milima, na zile za 1921 hadi 1946 zina fedha robo tu, ndani ya gramu 7.78. Za 1948 hadi 1952 zina simba yule yule na mfalme George VI yule yule, lakini hazina fedha hata chembe. Kila siku naona ya 1950 ikitangazwa kuwa "fedha tupu" kwa vijana wanaoanza. Vivyo hivyo reale ya Maria Theresa, ile sarafu kubwa ya fedha ya Austria, ambayo imeendelea kupigwa kwa karne mbili na zaidi ikiwa na mwaka ule ule wa 1780: mtu anadai bei ya kitu cha karne ya 18 wakati alichoshika huenda kilipigwa juzi, na thamani yake kubwa ni zile gramu 23 na ushei za fedha iliyomo.

Nanyi mnaosugua sarafu kwa majivu, dawa ya meno na maji ya betri ili zing'ae, mnaharibu kitu ambacho hakitengenezwi tena. Manyoya ya yule tai yakishafutika hakuna fundi wa kuyarudisha.

Ninachowaomba wasimamizi ni kwamba tangazo lolote la sarafu ya fedha liwe na picha ya pande zote mbili na ya ukingo, pamoja na picha ya sarafu hiyo hiyo ikiwa juu ya mizani inayosomeka, na lisilo na hayo lifutwe siku hiyo hiyo. Na wewe uliyenitumia ile ya gramu 9.3, kama unausoma uzi huu, sarafu yako ninayo na bado naidai ile ya kwenye picha au shilingi 90,000 zangu.