Tupeane uzoefu: badiliko la kiumbo au la kikemikali, lipi lilikuchanganya?

Wakuu, mwanangu kaniuliza: glasi ikivunjika ni badiliko gani? Nikajibu chapchap, la kikemikali, si hairudi tena ilivyokuwa! Kesho yake karudi na daftari, jibu langu limekatwa kwa wino mwekundu. Kweli, kila kigae bado ni glasi ileile. Tulikaririshwa kwamba kisichorudi ni cha kikemikali, basi. Wewe ulinaswa wapi?

Kibatari
Mshumaa. Umeme umekatika, sina la kufanya, nikawa nauangalia tu. Nta inayotiririka na kuganda ubavuni ni nta ileile, ukiikwangua utaiyeyusha tena. Sasa mbona mshumaa unafupika? Nilipoupuliza ukatoa uzi wa moshi mweupe. Nikasogeza kiberiti kwenye ule moshi, bila kugusa utambi, na moto ukashuka wenyewe hadi kwenye utambi! Kumbe moshi ule ni nta iliyogeuka mvuke ikapoa. Kinachowaka ni mvuke, na hapo ndipo nta inapogeuka kaboni dayoksaidi na maji. Kuyeyuka ni kiumbo, kuungua ni kikemikali, mshumaa mmoja.

Msahaulifu
Chupa ya kioo imejaa maji, nikaisahau kwenye friza. Asubuhi vipande. Maji yakiganda hutanuka kama asilimia 9. Kiumbo tupu, ila hasara ni yangu.

Mzee wa Spana
Tunasema kutu "inakula" chuma, nami niliamini chuma kikiungana na oksijeni uzito unapungua. Siku moja nikapima zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria kwa mzani mdogo, nikazichoma, nikapima tena. Zimeongezeka! Zimejibebea oksijeni ya hewani. Nilipima mara tatu, nikidhani mzani mbovu.

Doa Sugu
Shati jeusi, tone la dawa ya kung'arishia nguo. Nikafua weee, kana kwamba kuna kitu cha kutoa. Hakuna, rangi yenyewe imeshavunjwa.

Chaji Asilimia 2
Mleta mada, geuza na upande wa pili: betri ya simu. Ikitumika, kemikali zinabadilika ndani, ukichaji, zinarudishwa. Kikemikali, na inarudi. Usiulize kama kinarudi, uliza kama kimezaliwa kitu kipya.

Mleta mada
Hiyo ya betri naipeleka kwa mwalimu. Glasi nimekubali nimekosa.