Wakuu naombeni ushauri: niuze shamba Kwimba nihamie Mwanza na familia?

Kijana wa Ngudu

Habari za saa hizi wakuu, na wakubwa zangu shikamooni.

Nina miaka 33, mke na watoto watatu, mkubwa yuko darasa la nne. Naishi kijijini huku Kwimba. Nalima pamba, choroko na mpunga kwenye majaruba. Shamba ni ekari 6 alizoniachia marehemu baba, na nyumba yetu ya bati iko hapo hapo. Ng'ombe ninao wachache.

Mdogo wangu yuko Igoma, Mwanza, anaendesha bodaboda ya mkataba, yaani pikipiki ya mtu anayoilipia kidogo kidogo hadi iwe yake. Kila akipiga simu ni wimbo ule ule: kaka uza hilo shamba, tununue kiwanja na pikipiki yako mwenyewe, watoto wasome mjini. Na mimi nimechoka kweli. Mvua imekatika mpunga ukiwa unatoa masuke. Pamba nayo, ukishakatwa pembejeo, kinachobaki kinaishia kwenye madeni.

Kuna mtu yuko tayari kuchukua shamba lote na hela anayo mkononi. Mama hataki hata kusikia. Mke wangu hajasema ndiyo wala hapana. Nifanyeje? Niuze nihame na familia nzima, au nitangulie mwenyewe? Naombeni wenye uzoefu mniambie ukweli.

Mdau wa Usagara

Uza mkuu. Mwanza inakua, anayeisubiri inamwacha. Sensa ya 2012 Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili za Mwanza mjini, kwa pamoja walikuwa kama watu 706,000. Sensa ya 2022 wamepita milioni 1.1. Watu wote hao wanakula, wanapanga, wanapanda pikipiki. Halafu daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, mtu wa Sengerema na Geita hapangi tena foleni ya kivuko. Huku Usagara na Fela kulikuwa mashamba matupu, leo ni mabango ya viwanja kila kona. Ekari zako za Kwimba hazitakaa zipande bei hivyo. Chukua kiwanja sasa hivi, kesho hutakiweza.

Mama Kokoto

Marahaba mdogo wangu. Umeandika kwamba mkeo hajasema ndiyo wala hapana. Anza hapo. Hiyo hama unayoipanga, mzigo wake mkubwa ataubeba yeye, nami nakwambia kwa sababu niko Mabatini mlimani na naona wanawake wanavyofika hapa kutoka Kwimba, Maswa na Meatu.

Mdogo wako anaposema mjini, muulize mjini wapi. Kwa hela ya mtu anayeanza kuna sehemu mbili tu. Ya kwanza ni huku kwenye miamba: Mabatini, Igogo, Bugarika. Ukiwa huku unaenda sokoni kwa mguu, unarudi kwa mguu, hiyo ni faida kubwa. Lakini gari halipandi. Maji pale ambapo bomba halijafika unanunua kwa dumu, na dumu likishapandishwa mlimani bei yake si ile ya chini. Choo ndiyo shida kuliko zote. Chini ni jabali, huwezi kuchimba, watu wanajenga kishimo kwa mawe juu juu. Mvua kubwa ikinyesha vinafurika, uchafu unashuka kwa majirani hadi mto Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani. Kuna mitaa imepata mabomba ya majitaka ya mradi na imepona, lakini si yote. Mtoto mdogo akihara usiku ndiyo utajua nazungumzia nini.

Sehemu ya pili ni pembezoni: Kishiri, Buhongwa, Kisesa, kama huko Usagara anakokusifia mdau hapo juu. Kiwanja ni kikubwa, hewa nzuri. Ila kazi iko katikati ya mji. Ukiamka unalipa daladala, ukirudi unalipa, na siku ambayo hukupata kibarua nauli umeshatoa. Hapo ndipo wengi wanakwama, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu au sita mkononi.

Kazi zipo, sitakudanganya. Kiangazi watu wanajenga, kwa hiyo saidia fundi hakosi. Huku kwetu ni kokoto. Wanaume wanalaza magogo na matairi chakavu juu ya jabali, wanachoma hadi jiwe lipasuke, sisi tunakaa na nyundo tunagonga vipande mpaka vilingane, tunauza kwa ndoo. Ule moshi unaingia kifuani na haukutoki. Nimesomesha kwa kokoto na naiheshimu, lakini mtu mwenye ekari sita asije akaziuza ili aje kugonga mawe.

Mdau wa Usagara

Mama naheshimu maneno yako, ila si kila anayekuja anaishia kwenye kokoto. Mimi nimetoka Sengerema, leo nina duka la vifaa vya ujenzi.

Mama Kokoto

Sawa baba, na Mungu akuzidishie. Ulipokuja ulikuwa na watoto watatu?

Mdau wa Usagara

Hapana, nilikuwa peke yangu.

Mzee wa Mwaloni

Kijana, mimi niko Mwaloni Kirumba kwenye dagaa na kayabo (samaki wa kukaushwa kwa chumvi) tangu soko likiwa dogo. Nikwambie kitu ambacho vijana wa bodaboda za mkataba hawakwambii: hela ya mjini nayo ina msimu. Dagaa wanavuliwa kwenye giza, taa zinawashwa majini wanazifuata. Mbalamwezi ikitoka, mitumbwi inapaki, na hapo mbeba magunia, mama ntilie, bodaboda anayepeleka mzigo, wote wanapungukiwa. Mvua ikipiga mfululizo dagaa hawakauki, bei inaanguka. Usidhani unaikimbia mvua kwa kuja huku.

Wewe kalenda yako iko wazi. Mpunga unavuna Mei na Juni, msimu wa kuuza pamba unafunguliwa Mei, na kupanda tena ni kuanzia katikati ya Novemba. Kati ya Julai na Oktoba unafanya nini huko? Njoo kipindi hicho. Usije mikono mitupu, njoo na mchele wako, choroko, na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa). Watu wa Mwanza wengi ni wa huko huko kwenu, michembe wanaitafuta. Gunia la mpunga ukiliuza shambani kwa mlanguzi na ukilikoboa ukauza mchele mwenyewe kwa sado (kopo la kupimia) ni hela mbili tofauti. Kiangazi kimoja kitakuonyesha kama mji unakufaa, na shamba bado liko pale.

Mjumbe Mstaafu

Nimekaa ofisi ya mtaa muda mrefu, niongeze la sheria kwa sababu naona watu wanalia kila mwaka.

Kwanza, hiyo nyumba yenu haiuzwi bila mkeo kukubali. Sheria ya Ndoa ya 1971 iko wazi, makazi ya familia yanahitaji ridhaa ya mwenzi. Na ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kwa hiyo huyo mwenye hela mkononi anayekuharakisha mpeleke kwanza ofisi ya kijiji uone kama haraka itabaki.

Pili, kiwanja cha mjini. Muhuri wa serikali ya mtaa kwenye karatasi ya mauziano unathibitisha kwamba mliuziana, haukupi hati. Nimeona kiwanja kimoja kimeuzwa kwa watu wanne. Kabla ya kutoa hata shilingi, nenda idara ya ardhi ya halmashauri uulize kama eneo limepimwa na limepangwa kwa matumizi gani. Na cha karibu na ziwa usiguse, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa hairuhusiwi kujenga, hata ukiona wengine wamejenga.

Kijana wa Ngudu

Wakuu nashukuru sana, nimesoma yote na jana usiku nimemsomea mke wangu. Sasa amesema. Amesema haogopi Mwanza, anachoogopa ni shamba kuuzwa halafu mimi nikose kazi, tukarudi kijijini kuomba kulima kwa watu. Na mtoto wa darasa la nne ana mtihani wa taifa mwaka huu, hataki ahamishwe.

Shamba siuzi. Nitakuja Julai na magunia ya mchele, nitafikia kwa mdogo wangu Igoma. Nimemwambia, amenuna kidogo lakini atanielewa. Mzee wa Mwaloni, mchele niuzie wapi nisinyonywe? Na nikiwa huko, nitalindaje mipaka? Jirani wa upande wa mto ameanza kusogeza katani za mpaka.

Mzee wa Mwaloni

Usikimbilie Soko Kuu na magunia, pale utakutana na wenye mitaji. Anza Igoma hapo hapo, mama ntilie na wenye maduka ya rejareja. Wapelekee kidogo kidogo waone mchele wenyewe hauna mawe. Ukimpata mmoja anayelipa kwa wakati, mshike huyo.

Mjumbe Mstaafu

Kuhusu mipaka usingoje Julai. Nenda kwa mtendaji wa kijiji wiki hii, omba hati ya hakimiliki ya kimila, na jina la mkeo liandikwe pamoja na lako. Watakuja kupima majirani wote wakiwepo, na huyo wa upande wa mto atasaini mpaka mbele ya watu. Mama naye awepo siku hiyo, yeye ndiye anayejua katani zilipandwa wapi.